Sosi ya samaki inanuka, tui limekatika, tambi zimekuwa uji: nitapikaje Kithai na Kivietnam nyumbani?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar, narudi nyumbani saa moja jioni nimechoka. Nilikula chakula cha Kithai kwenye sherehe ya kazini nikakipenda sana, nikasema nijaribu nyumbani. Nikanunua sosi ya samaki, kufungua tu inanuka kama imeoza, nikaimwaga. Kari ya kijani nimepika mara kadhaa, kila nikipika naambulia mchuzi wetu wa nazi wenye pilipili nyingi, na mara ya mwisho tui lilikatika. Tambi za mchele ndo usiseme, ziligeuka uji. Je shida ni kwamba vitu vyao huku havipo? Naweza kutumia sosi ya soya badala ya ile ya samaki? Halafu mume wangu ana presha, na mtoto mdogo akila kamba anatoka vipele mdomoni. Nataka vitu vya dakika ishirini, thelathini, sio mapishi ya sikukuu."

Dada, asante kwa kuandika kwa kirefu, umenirahisishia sana maana umetaja karibu kila hatua na naona wazi panapoharibika. Wewe unadhani shida ni vitu kukosekana. Mi nakwambia sio hivyo. Mtu wa pwani ana karibu jiko zima la Kithai, tui, ndimu, ukwaju, mchaichai, pilipili, kotmiri, papai bichi, karanga, mchele, kinu na mchi, na vingi unavipata vibichi kabisa sokoni wakati mwenzio aliyeko Ulaya ananunua vilivyogandishwa kwa bei ya kuumiza. Kinachokuangusha ni mpangilio, nini kinaingia lini, maana mkono wako umeshazoea mchuzi wa nazi na ukishika mwiko tu unaenda huko wenyewe. Hilo linarekebishika. Ila kabla sijagusa jiko tuongee habari ya mtoto, hiyo siwezi kuiweka mwisho.

Vipele mdomoni kila akila kamba, hiyo tuichukulie ni aleji mpaka daktari aseme sio. Protini inayosumbua zaidi kwenye kamba inaitwa tropomayosini, na haiharibiki kwa moto, kwa hiyo yale mambo ya kusema "nitaichemsha sana" au "nitaweka kidogo tu" hayamsaidii. Sasa shida ya mapishi haya ni kwamba kamba anajificha. Pesti za kari za dukani, yaani viungo vilivyosagwa pamoja, ya kijani, nyekundu, nyingi zina uduvi uliochachushwa na kusagwa ndani yake, huwezi kuuona wala kuhisi, mpaka usome maandishi madogo kwenye kopo. Sosi ya chaza nayo iangalie, chaza sio kamba lakini ana protini ya ukoo huohuo na wapo watoto wanaodhurika na vyote viwili. Sosi ya samaki ni habari nyingine kwa sababu protini ya samaki ni tofauti na ya kamba, watu wengi wenye aleji ya kamba wanakula samaki bila shida, na kama mwanao anakula dagaa na changu vizuri hiyo ni dalili njema, lakini nisingependa upimie nyumbani kwa kumlambisha. Mpeleke hospitali, mwambie daktari alikula nini, baada ya dakika ngapi vilitoka, vilikaa muda gani, na uulize kama anaweza kupimwa aleji. Na ikitokea siku midomo au ulimi umevimba, anakoroma akivuta pumzi, anatapika mfululizo au amelegea, usimpe maziwa ukasubiri uone, maziwa hayaondoi aleji, beba mtoto nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Mpaka upate jibu la daktari, kila kitu nitakachokueleza hapa kinapikika bila uduvi na bila chaza, nitakuonesha pa kubadilisha.

Haya, sosi ya samaki. Haikuwa imeoza dada, umemwaga kitu kizima. Wathai wanaiita nam pla, Wavietnam nước mắm, na iliyo nzuri ina vitu viwili tu, dagaa wa baharini wa jamii ya anchovi na chumvi, kama sehemu tatu za samaki kwa sehemu moja ya chumvi, vinakaa kwenye mapipa makubwa au mitungi mwaka mzima na wakati mwingine zaidi. Chumvi yote hiyo inawazuia wale bakteria wanaoozesha, huku vimeng'enya vilivyomo kwenye matumbo ya dagaa wenyewe vinaendelea kuivunja nyama taratibu mpaka inakuwa maji ya rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo kinachotokea mle ni kumeng'enywa, sio kuoza. Protini ikishavunjika inaacha glutameti, ladha ileile ya utamu wa supu ya mifupa iliyochemka sana au nyanya iliyoiva vizuri, ambayo mwanakemia wa Japani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 akaipa jina umami. Kisiwa cha Phú Quốc kule kusini mwa Vietnam kinaheshimika kwa sosi hii kiasi kwamba mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulililinda jina lake, huwezi kuuza huko sosi ya kwingine ukaiita ya Phú Quốc. Na wala dagaa hao sio wageni kwetu, dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa Zanzibar wengi ni jamii hiyohiyo ya anchovi, tofauti na dagaa wa Mwanza ambao ni samaki wa maji baridi, ukoo mwingine kabisa.

Ile harufu sasa. Sehemu kubwa inatokana na kemikali inayoruka haraka hewani, trimethilamini, ndo hiyohiyo inayofanya samaki anuke shombo. Ukichanganya na kitu kichachu inabanwa, hairuki tena, ndo maana mama zetu hawapiki samaki bila ndimu. Na moto nao unaipunguza. Kosa ni kuinusa kwenye chupa ukaihukumu hapohapo. Nunua nyingine ndogo, soma nyuma uone ni samaki na chumvi, labda na sukari kidogo, ukiona mlolongo wa rangi na vikolezo iache. Afu fanya hivi: chukua bakuli, weka vijiko vitatu vya sukari, mimina nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, koroga mpaka sukari ipotee kabisa, kamulia vijiko vitatu vya ndimu, ndo uweke vijiko vitatu vya sosi ya samaki. Onja. Kisha katakata kitunguu swaumu punje mbili na pilipili moja, tia mwishoni, uone vinavyoelea juu. Ukivitia mapema kabla ya ndimu vinazama na bakuli linakosa sura, ni kitu kidogo ila Wavietnam wanakijali. Hiyo inaitwa nước chấm na ndo ufunguo wa nusu ya mapishi yao ya nyumbani, unachovya nyama choma, unamwagia tambi, unamwagia kachumbari, hata wali mkavu wa jana na yai unapendeza. Na utaona ile harufu iliyokukimbiza haipo.

Chupa ikishafunguliwa iweke kwenye kabati lenye giza au friji, itakaa miezi mingi. Ikizidi kuwa nyeusi sio shida, vikijitokeza vipande kama vioo chini ni chumvi. Ya kumwaga ni ile yenye ukungu au inayotoa gesi mpaka kifuniko kinafutuka. Na tafadhali usije ukasema utengeneze mwenyewe kwenye ndoo, naona watu wanafundishana. Dagaa wakikaa kwenye joto letu kabla hawajapata chumvi ya kutosha wanatengeneza histamini, inawasha mwili na kuumiza kichwa na haiondoki hata ukipika, na ukikosea chumvi wanaota vijidudu vya hatari zaidi ya hapo. Hiyo kazi waachie wenye mapipa.

Je, soya inaweza kukaa badala yake? Inaweza, ila nikwambie ukweli, chakula kitaelekea Uchina. Soya ni ya maharage na ngano, ina utamu wa aina nyingine na inatia rangi. Kwenye nyama ya kukaangiza haitakuumiza sana, kwenye nước chấm na saladi ya papai inaharibu kabisa. Kama umeishiwa, chemsha kiganja cha dagaa wakavu waliotolewa vichwa kwenye kikombe cha maji na chumvi kijiko cha chai, ikibaki nusu chuja, kidogo inakaribia. Na kama daktari atakataza samaki pia kwa mtoto, basi soya na uyoga mkavu ulioloweshwa, hiyo inakubalika.

Presha ya baba. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya samaki kina sodiamu kama miligramu 1,400, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike 2,000 kwa siku nzima, ambazo ni sawa na chumvi kijiko kimoja cha chai. Unaona mwenyewe. Lakini tuitazame kwa haki, kijiko hicho ni cha sufuria ya watu wanne au watano, na kikiingia kinachukua nafasi ya chumvi, sio kuongezeka juu yake. Kinachoua ni kuweka sosi ya samaki, na soya, na kidonge cha supu, na chumvi juu, kama tulivyozoea. Ukipika haya mapishi chumvi ya kopo iache kwenye rafu kabisa, na kidonge cha supu ndo usikiguse. Nước chấm yenyewe ina maji mengi, mpe baba yake kwenye kibakuli kidogo achovye badala ya kummwagia, na utamu wa chakula chake uuongeze kwa ndimu na majani. Kama anatumia dawa au figo zina shida, kiwango chake atampangia daktari au mtu wa lishe hospitalini, mimi siwezi kukupa namba ukaifuata kwa mtu ambaye sijamwona vipimo vyake. Na zile chumvi mbadala za potasiamu usimnunulie bila kuuliza.

Sasa twende kwenye kari, hapa nataka nikae kidogo maana hapa ndo siri yote ilipo.

Sisi pwani tui tunalibembeleza. Tunachemsha na tui jepesi, tui zito linaingia mwisho, tunakoroga bila kuacha, upande mmoja, moto mdogo, lisikatike. Likikatika mama mkwe anakuangalia. Mthai wa Bangkok anafanya kinyume chake kabisa: tui zito linaingia kwanza, peke yake, na analikata makusudi. Tui ni matone madogo madogo ya mafuta yanayoelea ndani ya maji, yakishikiliwa na protini yasiungane. Ukichemsha muda mrefu maji yanapungua, protini inaachia, matone yanakimbiliana na mafuta yanatoka. Yeye anayataka hayo mafuta, kwa sababu ndo atakaangia pesti yake. Harufu ya mchaichai, ya galangali (mzizi wa jamii ya tangawizi), ya ganda la ndimu, ya bizari nyembamba, nyingi haziyeyuki kwenye maji, zinayeyuka kwenye mafuta. Ukiitupa pesti kwenye mchuzi unaochemka inachemka tu, inabaki na ule ukali mbichi wa kitunguu swaumu, na unaongeza pilipili ukidhani ndo kilichopungua. Naamini ndo kinachokukuta.

Na kuna kitu kingine, hujakisema ila nahisi kipo: unaanza na kitunguu na nyanya. Karibu kila mtu wa huku anaanza hivyo, mkono unaenda wenyewe. Kari ya kijani haina nyanya, haina rojo la kitunguu cha kukaanga, haina manjano wala binzari ya mchuzi. Kitunguu chake kiko ndani ya pesti. Ukianza na nyanya umeshapika mchuzi wa nazi, hata uweke pesti ya Bangkok.

Fanya hivi basi. Kikombe kimoja cha tui zito kwenye karai, moto wa kati, liache lichemke, koroga mara mojamoja lisishike chini. Dakika tano mpaka nane hivi utaona limekuwa zito, mapovu makubwa yamegeuka madogo, sauti inabadilika kutoka kuchemka kuwa kukaanga, na pembeni panang'aa mafuta. Ndo hapo. Tia pesti vijiko viwili au vitatu, ikaange dakika tatu ukiipondaponda, mwanzoni itakupiga puani, baadaye harufu inakuwa tamu na mafuta yanashika rangi ya pesti. Tia paja la kuku lisilo na mfupa ulilokata vipande vyembamba, geuza lishike, ndo umimine tui jepesi vikombe viwili. Likichemka weka biringanya au nyanya chungu zilizokatwa mara nne, zile za kwao zinafanana umbo na nyanya chungu zetu ingawa zetu zina uchungu zaidi, mi uchungu huo naupenda humu. Sosi ya samaki kijiko kimoja, sukari guru kipande kidogo, dakika kumi umemaliza. Zima moto, tupia majani ya mrehani kiganja kizima. Mchuzi ukiwa na vimafuta vya kijani juu usiogope, ndivyo unavyotakiwa uwe, na ni mwepesi, unaloweka wali, haugandi kama wetu.

Tui la boksi na la kopo lina kitu ndani: mengi yamewekewa gundi za kuzuia lisikatike, utachemsha mpaka usiku mafuta hayatoki. Hilo tia kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, kaangia pesti humo na vijiko vichache vya tui, endelea. Nazi ya kukuna na kukamua inashinda, lakini saa moja jioni sikulazimishi. Na sio kila kitu chao chenye tui kinakatwa, ile supu yao ya kuku na galangali, tom kha, tui lake halitakiwi kukatika, moto mdogo kama wetu, na ndimu inaingia ukishaepua.

Ndimu kila mahali iingie mwisho. Ikichemka inakuwa chungu na harufu yake inakwenda na mvuke.

Kwa siku za kazi lakini mi nisingekuanzisha na kari. Ningekuanzisha na pad kra pao, nyama ya kusaga ya kukaangiza na majani ya mrehani, chakula ambacho Thailandi mtu asipojua aagize nini anaagiza hicho, na kinaiva wakati wali unapumua. Tumia kuku wa kusaga au ng'ombe, nusu kilo. Twanga kwenye kinu kitunguu swaumu punje sita na pilipili kichaa kadiri mnavyoweza, sio pilipili mbuzi, ile ina harufu yake inayofunika kila kitu. Usitwange laini, vibaki vipandevipande. Karai likipata moto sana mafuta vijiko viwili, tia swaumu na pilipili, sekunde ishirini tu, fungua dirisha maana mtakohoa, tia nyama uitandaze afu uiache. Hapa watu wanakosea, wanakoroga koroga. Nyama ina maji, na maji hayapiti joto la nyuzi 100, kubadilika rangi kuwa kahawia na kutoa ile harufu ya kuchomeka kunaanzia kwenye nyuzi 140 hivi, kwa hiyo maji yasipokauka unachemsha nyama, hukaangi. Ndo maana ukipakia kilo nzima kwenye frampeni dogo inatoa supu ya kijivu. Pika kidogo kidogo, acha dakika nzima ishike chini, kisha ivunje. Jiko la mkaa likikolea vizuri hapa linalishinda jiko dogo la gesi, na karai la kukaangia maandazi linafaa kabisa, usinunue sufuria ya Kichina.

Nyama ikishakauka sosi ya samaki kijiko kimoja, sosi ya chaza kijiko kimoja, sukari kijiko cha chai, maji kidogo yashikamanishe. Kwa sababu ya mtoto acha chaza, weka soya kijiko cha chai na sukari iongezeke kidogo. Zima, majani viganja viwili, geuza mara mbili yanyauke. Mrehani wao wa chakula hiki una harufu kama ya karafuu, maana vyote viwili vina eujenoli, kwa hiyo ukipata kivumbasi kichanga tia majani machache kati ya mrehani wa kawaida, machache kweli, kina nguvu. Yai la kukaanga kwenye mafuta mengi, pembeni liwe na magamba ya kahawia, kiini kibichi kwa wakubwa na kilichoiva kwa watoto, juu ya wali. Swaumu ya watoto usiitwange pamoja na pilipili, kaanga nyama yao kwanza bila pilipili, toa, ndo uendelee na yenu.

Tambi za mchele. Tambi za ngano zina gluteni inayozishika, unaweza kuzisahau jikoni zikasamehe. Za mchele hazina, zinashikwa na wanga peke yake, ukizichemsha kama tambi za futari wanga unamwagika majini, zinakatika na kugandana, ndo uji wako huo. Zile bapa za pad thai, tambi za kukaangiza za Kithai, usizichemshe kabisa, loweka kwenye maji ya kawaida nusu saa au zaidi kidogo mpaka zipinde bila kuvunjika lakini ukiuma bado zina kiini, zitamalizikia kwenye karai na sosi ya ukwaju. Ziloweke ukiingia tu nyumbani kabla hujavua hata viatu. Zile nyembamba nyeupe chemsha dakika tatu mpaka tano, uma moja kila mara, ikikubali mwaga maji, suuza na maji ya baridi huku unazichambua kwa vidole mpaka maji yatoke safi, ziache zichuje.

Ukizipata hizo nyembamba umepata chakula cha haraka kuliko vyote, bakuli la bún la Kivietnam. Tambi chini, juu saladi iliyokatwa, tango, karoti ya kukwaruza, nanaa na kotmiri kwa wingi, sio vijani viwili vya mapambo, kiganja cha kila mtu, vioshe vizuri maana vinaliwa vibichi. Nyama pitia mishkaki kwa yule unayemwamini njiani, itoe kwenye vijiti, weka juu. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, mwagia nước chấm yako. Mtakula na hamjawasha jiko ila la kuchemshia tambi. Siku ukiwa na nafasi roweka nyama mwenyewe na mchaichai uliotwangwa, swaumu, sosi ya samaki na sukari, ila uichome mbali kidogo na makaa, sukari inaungua upesi. Karanga nimechukulia watoto wote wawili wanazila bila shida, kama hawajawahi, ongeza kwenye maswali ya daktari.

Papai bichi nalo usiliache liive kila mara. Limenye, likwaruze nyuzi ndefu, kwenye kinu ponda swaumu na pilipili, tia maharage mabichi machanga na nyanya, zipigwe kidogo zipasuke, ukwaju au ndimu, sosi ya samaki, sukari guru, papai, geuza kwa mwiko huku unapigapiga kwa mchi. Wao wanatia uduvi mkavu, wewe acha. Ni chakula cha watu wa Laos na kaskazini mashariki mwa Thailandi, wanakula na kuku wa kuchoma, na kuku wa kuchoma Dar haadimiki.

Mwisho pesti, kwa kuwa za dukani umezikatia tamaa kwa ajili ya mtoto. Jumamosi moja twanga au saga pilipili ndefu za kijani nane, mchaichai mashina matatu, na nasema mashina, ile sehemu nyeupe ya chini iliyokatwa nyembamba sana, majani tunayochemshia chai ni magumu hayasagiki. Swaumu punje nane, vitunguu vidogo vinne, tangawizi kipande cha kidole, au galangali ukiipata kwa Wachina Kariakoo, mizizi ya kotmiri ambayo muuza mboga anaikata na kuitupa, mwombe akubakizie, ganda la ndimu mbili bila ile nyeupe ya ndani, mbegu za kotmiri kijiko cha chakula na bizari nyembamba kijiko cha chai zilizokaangwa kavu, chumvi kidogo. Blenda inaweza, ila tumia tui kidogo badala ya maji kuizungusha. Igandishe kwenye trei ya barafu, kila siku ya kari unatoa vipande vitatu. Mchaichai otesha kwenye ndoo nje ya mlango, unashika hata kwa shina la sokoni lenye mizizi.

Wiki hii nunua chupa moja tu ya sosi ya samaki na upike kra pao mara mbili, ukiona nyama inatoka kahawia na sio ya kijivu hamia kwenye bún, kari iache mpaka pesti iwe kwenye friji. Na miadi ya mtoto ipange kabla ya hayo yote.